Mkono Unaotoa: Juu ya Msaada na Nguvu ya Amerika katika Masisi na Walikale

Katika mwaka wa 2025 wakristu wa Masisi na Walikale walisikia juu ya Amerika habari mbili ambazo si rahisi kuzifunga kwa kamba moja. Mwanzoni mwa mwaka waliambiwa kwamba Waamerika wamekata msaada. Katikati ya mwaka waliambiwa kwamba Waamerika wanaleta amani, na nyuma ya amani makampuni yao. Kwa hiyo makatekista wetu wengi walirudi misioni na swali lile lile: hao watu wanatuacha ao wanakuja?

Jibu ni kwamba mambo yote mawili ni kweli, wala hayapingani. Lakini padri ao katekista asiyeweza kueleza kwa nini hayapingani ataachia neno wale wanaosema upesi barazani: huyu atasema wazungu ni wevi tangu zamani, yule atasema pasipo wazungu tutakufa. Sentensi hizi mbili zinafanana kuliko wasemaji wake wanavyofikiri. Zote mbili zinaweka maisha yetu yote katika mkono wa mwingine.

Katika seminari tulifundishwa kutofautisha mwisho wa kazi na mwisho wa mtenda kazi, finis operis na finis operantis. Anayempa maskini unga, mwisho wa kazi yake ni kushibisha. Lakini mwisho wake yeye mwenyewe waweza kuwa mapendo, ao sifa, ao kura za uchaguzi, ao shamba la jirani. Unga unashibisha vilevile. Tofauti itaonekana baadaye, siku ambayo mwisho wa mtenda kazi umebadilika, na mwenye njaa hajabadilika. Tushike neno hili, maana litatusaidia katika yote yanayofuata.

Fedha na njia yake

Shirika la USAID liliundwa mwaka wa 1961, wakati wa Raisi Kennedy, katika siku zile ambapo Amerika na Urusi zilikuwa zikishindana juu ya Afrika, na juu ya Kongo zaidi ya mahali pengi. Tangu kuzaliwa lilikuwa na miguu miwili: kusaidia wenye shida, na kulinda faida ya inchi iliyolituma. Waamerika hawakuficha jambo hilo. Walilisema wazi mbele ya bunge lao walipoomba fedha. Sisi tuliosoma maneno «kutoka kwa watu wa Amerika» juu ya makopo ya mafuta na juu ya hema za wakimbizi, ndio tuliodhani kwamba mguu ni mmoja.

Fedha haikutoka Washington ikafika moja kwa moja Nyabiondo ao Kitchanga. Bunge lilitoa, USAID iligawa kwa PAM, kwa UNICEF na kwa mashirika makubwa, mashirika makubwa yalifanya mkataba na madogo yaliyo Goma, mara nyingine hata na kazi za Eklezya, hayo yalilipa motokari, mlinzi wa depo, muuguzi, na vijana wanaoandika majina, mwishoni mama mmoja alipokea kopo la mafuta, mfuko wa unga, ao zile pakiti za plumpy kwa mtoto aliyekonda. Kila daraja lilikula kidogo. Tena kila daraja lilitegemea sahihi ya lile lililo juu yake, hata sahihi ya juu kabisa ikiondoka, yote yanasimama siku moja, kama maji ya mfereji uliofungwa kwenye chemchemi.

Ndivyo ilivyotokea. Tarehe 20 ya mwezi wa kwanza 2025, siku ile ile aliyoanza kazi, Raisi Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya inchi za nje kwa siku 90. Tarehe 1 ya mwezi wa saba USAID ilifungwa, na kazi chache zilizobaki zikapewa wizara ya mambo ya nje. Katika mwaka wa 2024 Amerika ilikuwa imetoa karibu 70 kwa mia ya fedha za misaada ya haraka zilizofika Kongo. Hesabu hiyo yatosha peke yake.

Sasa tazameni kalenda yetu wenyewe. Mji mdogo wa Masisi ulikuwa umeingia mikononi mwa M23 tarehe 4 ya mwezi ule ule wa kwanza. Sake ilifuata. Goma ilianguka tarehe 27. Mwezi wa pili wakimbizi wa Bulengo, wa Lac Vert na wa Rusayo, ambao wengi wao walitoka Masisi, waliamriwa kuondoka kambini na kurudi kwao, na wengi walikuta nyumba bila mlango na shamba bila mbegu. Amri ya Washington haikuandikwa juu yao. Ilikuwa amri kwa dunia nzima, na jina la Kongo halikutajwa ndani yake. Lakini walioishi kwa mfereji ule waliona maji yakipungua katika majuma yale yale ambayo walikuwa wakikimbia.

Tuongeze mfano mmoja wa kinyume. Hospitali kubwa ya Masisi inasaidiwa na Médecins Sans Frontières tangu mwaka wa 2007. Shirika hilo halipokei fedha za serikali ya Amerika. Linaishi hasa kwa sadaka za watu binafsi. Kwa hiyo amri ile haikugusa mfuko wake. Hospitali moja haiwezi kubeba mzigo wa vituo vyote vya afya vinavyoizunguka, na watumishi wake hawakukosa hatari za vita. Hata hivyo tunaona kwamba swali la kwanza juu ya msaada si kiasi chake. Ni hili: nani anaweza kuukata, na kwa sababu gani?

Mfano wa zamani: Gishari

Wazee wengine wanapenda kusema kwamba msaada wa Wabelgiji ulikuwa na utaratibu zaidi. Ni kweli, utaratibu ulikuwako. Mwaka wa 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya ardhi pana ili kuleta wakoloni na mashamba makubwa. Katika miaka ile ile, 1928 na 1929, Rwanda ilipatwa na njaa kali iitwayo Rwakayihura. Tangu mwaka wa 1937 mpaka 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha makumi ya maelfu ya watu wa Rwanda na kuwaleta Masisi, hasa Gishari. Kazi hiyo iliitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Ilielezwa kama huruma: huku watu wengi na ardhi ndogo, kule ardhi kubwa na watu wachache.

Mwisho wa kazi ulikuwa kuokoa wenye njaa, na njaa ilikuwa ya kweli. Mwisho wa mtenda kazi ulikuwa pia kupata mikono ya kulima pareto na kahawa katika mashamba ya wazungu. Hapo hakuna ajabu. Serikali yoyote inachanganya mambo hayo. Kosa kubwa lilikuwa kwingine. Gishari ilifanywa sheferi yake yenyewe katikati ya ardhi ya Bahunde, kisha mwaka wa 1957 Wabelgiji wale wale wakaifuta. Watu walioletwa wakaambiwa kwanza kwamba wana mwami wao, baadaye kwamba hawanaye. Wenyeji wakaambiwa kwanza watoe ardhi, baadaye kwamba mamlaka yamerudi kwao, lakini watu wa kutawaliwa wamekuwa wengi kuliko wao. Miaka mitatu baadaye Wabelgiji walifunga mizigo, na deni likabaki kwa familia ambazo hazikuwa zimetia sahihi popote.

Tarehe 20 ya mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, teritwari ya Walikale, yakapanda mpaka Masisi, na maelfu ya watu walikufa. Wako waliokuwa wamebatizwa katika kisima kimoja cha ubatizo. Sisemi kwamba Brisele iliua watu wa Ntoto. Waliochukua mapanga walikuwa na akili na utashi wao, na miaka ya Mobutu, pamoja na sheria zake za uraia zilizogeuzwa mara mbili, ilikuwa imeongeza moto. Lakini mwanafunzi anayetafuta sababu za mbali, causae remotae, atazikuta katika msaada uliopangwa kwa uangalifu mezani na watu ambao walijua kwamba wao hawatakaa pale.

Sheria ya Obama

Nguvu ya inchi ya kigeni haiji kwa unga tu. Inaweza kuja kwa karatasi ambayo haina hata franga moja ndani yake.

Watu wa Walikale wanaikumbuka karatasi moja hivi, na wenyewe waliipa jina: loi Obama. Tarehe 21 ya mwezi wa saba 2010 Raisi Obama alitia sahihi sheria kubwa juu ya mabanki ya Amerika, iitwayo Dodd-Frank. Ndani yake kulikuwa na kipengele kimoja, cha 1502, kilichoyataka makampuni yaliyoandikwa katika soko la hisa la Amerika kueleza kama bati, tantalo, tungsteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo ao inchi zinazoizunguka, na kama zimewafaidia watu wenye silaha. Nia ilikuwa njema. Wakristu wengi wa Amerika na Ulaya waliomba sheria hiyo.

Wakati huo mgodi wa Bisie, ambako kasiterite ilianza kuchimbwa mwaka wa 2002, ulikuwa tumbo la Walikale nzima. Ulikuwa mahali pabaya. Mashimo yaliporomoka juu ya vijana, na kwa miaka mingi askari wa jeshi la taifa wenyewe walitoza kila mfuko uliotoka. Lakini wachimbaji walikula, na wabeba mizigo waliotembea msituni na kilo 50 mgongoni walikula, na mama waliouza sombe njiani walikula, na minerval ya watoto ililipwa. Barabara ya kwenda Goma ilikuwa imekufa. Basi ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami pale Kilambo, zikileta chumvi, sabuni na bia, zikirudi na kasiterite.

Mwezi wa tisa wa 2010 Raisi Kabila alifunga uchimbaji wote wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, akaufungua tena mwezi wa tatu wa 2011. Lakini mwezi uliofuata wanunuzi wakubwa wa nje walianza kukataa madini yasiyo na cheti, na cheti kwetu hakikuwako. Kwa kampuni ya mbali ilikuwa rahisi zaidi kuacha kununua Kongo kuliko kuchungua shimo kwa shimo. Ndege zikakosa mzigo wa kurudi nao. Kwa hiyo nazo zikapungua, na bei ya chumvi ikapanda. Ni jambo la kufikiri sana: sheria juu ya simu za Amerika imegusa chungu cha mama wa Walikale kwa njia ya chumvi. Mwaka wa 2016 wataalamu waliopima jambo hilo waliandika kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vilivyokaa karibu na machimbo yaliyoguswa na sheria ile.

Tena, sheria ile ilikuwa na umri wa siku tisa tu wakati ambapo, tangu tarehe 30 ya mwezi wa saba mpaka tarehe 2 ya mwezi wa nane 2010, vikundi vyenye silaha viliingia Luvungi na vijiji vingine vya njia ya Kibua na Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 walionajisiwa kwa nguvu. Tunataja jambo hili kwa sababu mara nyingi wageni walieleza maovu yote ya Walikale kwa neno moja: madini. Neno hilo lilikuwa rahisi kulieleza katika bunge la mbali. Ardhi, uraia, malipo ya askari, mahakimu wasiokuwako, hayo hayaelezeki kwa dakika kumi.

Haki inatudai kusema na upande wa pili. Kwa ajili ya sheria ile makampuni yalianza kuuliza maswali ambayo hayakuwa yameulizwa kamwe, na mifuko ya madini ikaanza kutiwa etiketi. Rubaya, katika Masisi, ilianza kuzipata mwaka wa 2014. Lakini etiketi ni kipande cha plastiki. M23 waliposhika Rubaya mwishoni mwa mwezi wa nne 2024, koltani iliendelea kutoka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema kwamba machimbo yale yanatoa kadiri ya 15 kwa mia ya tantalo ya dunia, na kwamba M23 walivuna huko kodi ya dolari zipatazo 800,000 kila mwezi.

Juu ya askari tuseme kidogo tu. Mwaka wa 2010 Waamerika walifundisha kule Kisangani batayo moja ya jeshi letu, ya 391, iwe mfano kwa nyingine. Mwezi wa kumi na moja 2012, baada ya Goma kuanguka mara ya kwanza, batayo hiyo ilitajwa na Umoja wa Mataifa kati ya zile ambazo askari wake walifanya maovu Minova. Bunduki inaweza kufundishwa kwa miezi michache.

Walikale iliachwa, Masisi haikuachwa

Tunafika sasa kwenye habari ya pili, ile ya amani na makampuni.

Mgodi wa Bisie wa leo si ule wa wabeba mizigo. Kampuni ya Alphamin ilianza kutoa bati huko mwaka wa 2019 kwa mashine na barabara yake yenyewe, na mwaka wa 2024 ilitoa tani zaidi ya 17,000, karibu 6 kwa mia ya bati yote ya dunia. Sehemu kubwa ya hisa zake ilikuwa ya Denham Capital, wenye mali wa Amerika, hata mwaka wa 2025 walipoiuza kwa kampuni ya Abu Dhabi. Tarehe 13 ya mwezi wa tatu 2025, M23 walipokaribia, Alphamin ilisimamisha kazi na kuondoa watu wake. Tarehe 19 M23 waliingia mji wa Walikale. Mwanzoni mwa mwezi wa nne wakatoka, katika siku zile zile ambapo Bwana Massad Boulos, mjumbe wa Raisi Trump, alikuwa Kinshasa. Tarehe 9 mgodi ukaanza kazi tena.

Wenyewe M23 walisema walitoka ili kusaidia mazungumzo ya amani. Inawezekana. Lakini mkristu wa Masisi, ambaye kwake hakuna aliyetoka, aliuliza kwa nini mazungumzo yalihitaji Walikale wala hayakuhitaji Masisi. Hatuna haki ya kumjibu kama mtu anayejua siri za wakubwa. Tunayo haki ya kumwambia kwamba swali lake ni la akili.

Yaliyofuata mnayajua. Tarehe 27 ya mwezi wa sita 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano Washington. Mwezi wa nane Amerika iliwekea vikwazo ushirika mmoja wa wachimbaji wa Rubaya, makampuni mawili ya Hong Kong yaliyonunua huko, na kikundi cha PARECO-FF. Tarehe 4 ya mwezi wa kumi na mbili Maraisi Tshisekedi na Kagame walitia sahihi mbele ya Raisi Trump, na siku ile Kongo na Amerika wakafanya mkataba wao wa pekee juu ya madini: Kongo itaandika orodha ya machimbo yake ya maana, na wenye mali wa Amerika na rafiki zao waonyeshwe kwanza. Kabla ya juma moja kupita M23 waliingia Uvira. Wakaahidi kutoka huko pia, baada ya Amerika kusema kwa ukali.

Hapa ile tofauti yetu ya kwanza inatoa matunda. Unga na mapatano vimetoka mkono mmoja. Mtenda kazi alibadili mwisho wake: zamani aliona kwamba kushibisha watu kunamletea rafiki, sasa anaona kwamba madini yanamletea faida iliyo wazi zaidi, tena Mchina alikwisha kumtangulia katika shaba na kobalti ya Katanga. Kwa hiyo aliacha njia moja, akashika nyingine. Hakutuacha na hakuja. Alikuwa akifuata njia yake, nasi tulikuwa kando ya njia. Amani ikipatikana kwa njia hiyo, tutaipokea na kumshukuru Mungu, maana finis operis wa amani ni mwema hata mtafutaji wake akiwa anatafuta koltani. Lakini mapatano yanayotegemea bei ya madini yatafanya nini siku bei itakaposhuka? Wakubwa wetu wanaelewa jambo hilo. Bei ya bati ilianguka mwaka wa 1985, na SOMINKI, iliyokuwa imejengea wafanyakazi wake masomo na hospitali, ilianza kufa mwaka ule.

Eklezya inasema nini

Wako wanaodhani kwamba Eklezya inasifu kila msaada. Sivyo. Tangu mwaka wa 1961, katika Mater et Magistra, Papa Yohane XXIII alionya inchi tajiri kwamba msaada unaotafuta kutawala siasa za maskini ni ukoloni uliovaa nguo mpya. Paulo VI katika Populorum Progressio, mwaka wa 1967, alitaka mazungumzo kati ya mtoaji na mpokeaji: mtoaji ana haki ya kujua kama mali yake imetumiwa vema, na mpokeaji ana haki ya kutoingiliwa katika utawala wake. Tuangalie kwamba haki zimewekwa pande zote mbili. Tunapenda kuhubiri ile ya pili. Ile ya kwanza inatuhusu pia.

Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 ya mwezi wa kwanza 2023, aliwaambia wenye nguvu waondoe mikono yao juu ya Kongo na Afrika, na kwamba Afrika si shimo la kuchimba wala ardhi ya kunyang'anya. Watu walipiga makofi sana. Kesho yake aliwasikiliza watu wa mashariki walioumizwa, na kati yao msichana wa teritwari ya Walikale. Tena alisema na Wakongo wenyewe juu ya rushwa na juu ya kabila. Makofi hapo, kama ninavyokumbuka, yalikuwa pia makubwa, kwa sababu kila mtu alifikiri juu ya jirani yake.

Maaskofu wetu wa CENCO, pamoja na Waprotestanti wa ECC, walichagua mwaka wa 2025 njia ngumu zaidi: mapatano ya kijamii kati ya Wakongo na majirani, na walifika hata Goma mwezi wa pili kusema na wakubwa wa M23. Walilaumiwa kwa ajili ya safari ile. Lakini wao hawana mgodi wa kulinda.

Nasi mapadri tusijitoe katika hesabu. Seminari zetu, motokari za maparokia, mara nyingine na bati za paa, zinatoka Roma, Ujerumani, Amerika. Mwisho wa watoaji hao mara nyingi ni mapendo ya kweli, wajane wanaoweka senti mbili. Hata hivyo swali letu la kwanza linatuhusu: nani anaweza kukata? Parokia ambayo makusanyo yake hayawezi kumlisha padri wake mwezi mmoja haiwezi kutoa hotuba kali sana juu ya utegemezi wa leta.

Casus

Tumalize kwa jambo la dhamiri ambalo limeletwa mara nyingi, na ambalo linaonyesha kwamba nguvu ya msaada inafika mpaka mkono wa mwisho.

Titius (tumwite hivyo, kama katika vitabu vya Moral) ni katekista katika kijiji kimoja cha Masisi. Anajua kusoma, watu wanamwamini, basi shirika moja linamchagua awe katika komite inayoandika wakimbizi na kugawa jetoni. Kijana aliyetumwa na shirika anamwambia aongeze majina 20 ya watu wasiokuwako. Vitu vyao vitauzwa, na sehemu itarudi kwa wale walio juu. Jambo hili lina jina lake katika Kivu nzima: opération retour. Akikataa, kijiji chake kitarukwa. Wajane 100 hawatapata kitu. Je, Titius aweza kuandika?

Kuandika jina la mtu asiyekuwako ni uwongo, na uwongo hauruhusiwi hata kwa faida kubwa. Lakini zaidi ya uwongo kuna wizi, maana unga ule una wenyewe: ni wakimbizi ambao hawataandikwa kwa sababu hesabu imejaa. Titius hawezi kusema kwamba anaibia Waamerika tu. Fedha ilipokwisha kutolewa kwa ajili ya wenye njaa, wenye njaa ndio wenye haki. Wengine wanasema wageni wametunyang'anya koltani ya dolari nyingi, kwa hiyo majina 20 ni malipo ya siri, compensatio occulta. Hoja hiyo haisimami: anayelipwa ni kijana wa shirika na wakubwa wake, wala si aliyenyang'anywa.

Titius asiandike. Kisha asibaki peke yake na hatari hiyo. Amwarifu padri wake, na padri amwarifu mkubwa wa shirika kwa mdomo kwanza, bila kutaja katekista, maana watu wamepigwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Kijiji kikirukwa, dhambi ni ya aliyekiruka. Padri ajue kwamba Titius atasikia lawama za wajane wote, si za kijana yule. Basi Dominika hiyo asimwache akae mbele peke yake.

Na kama alikwisha kuandika, akapata sehemu yake? Ana deni la kurudisha kadiri ya aliyopokea, na kama ndiye aliyeongoza wengine, hata zaidi. Awarudishie nani? Kwanza wale waliokosa, kama wanajulikana. Wengi watakuwa wametawanyika, hasa tangu kambi za Goma zilipobomolewa. Hapo atawapa maskini wengine wa mahali pale pale, polepole, kadiri anavyoweza, bila kuuza jembe lake wala kuwanyima watoto wake chakula. Wala padri asimwambie alete deni hilo katika makusanyo ya kikanisa, hata kama paa linavuja.